Mabati, Mashine na Joto la Biti: Hip Hop Kutoka Dzaleka

Jioni hii nataka tukae kwenye ubishi ambao wachanaji na maprodyuza wa Dzaleka na Lilongwe wanaufahamu vizuri, maana hauishi vijiweni. Upande mmoja unasema hip hop ya zamani, ile iliyopita kwenye santuri na kanda, ilikuwa na joto, ilikuwa na nyama, na kwamba kompyuta imetuletea sauti safi isiyo na damu. Upande wa pili unajibu kwamba bila kompyuta kijana wa hapa asingerekodi hata wimbo mmoja, kwa hiyo anayelilia analojia analilia kitu ambacho hakijawahi kufika mlangoni kwake.

Wote wana haki ya kusema wanachosema. Mimi nina hoja yangu, nayo ni kwamba sauti ya hip hop imechongwa mahali ambapo mashine iligoma. Kila chombo kina mahali kinapokataa kuendelea: kumbukumbu imejaa, umeme umekatika, maiki haipokei sauti kubwa. Mtu anapofika hapo, anachofanya ndicho kinachogeuka kuwa sauti ya wakati wake. Kwa hiyo nikisikiliza wimbo wa Dzaleka, swali langu la kwanza ni hili: aliyeutengeneza alikwama wapi, na alipokwama alifanya nini?

Tuanze na mashine ambayo wapenzi wa zamani huitaja kwa heshima. Mwaka 1987 kampuni ya E-mu ya California ilitoa sampla iitwayo SP-1200. Unachukua kipande cha wimbo kwenye santuri, pengine pigo moja la ngoma au mstari wa besi, unakihifadhi ndani yake, kisha unakipiga kwa vidole. Prodyuza Pete Rock wa New York aliitumia, na biti zake za mwanzoni mwa miaka ya 1990 ndizo wengi wanazozikumbuka wanapozungumzia joto. Mashine hiyo ilikuwa na nafasi ya sekunde 10 tu za sauti, zote kwa jumla. Ilipima sauti mara 26,040 kwa sekunde, wakati CD hupima mara 44,100. Maana yake ni kwamba ilisikia kidogo na ilikumbuka kidogo.

Sasa maprodyuza wa New York walifanyaje? Walichukua santuri ya mizunguko 33 kwa dakika wakaizungusha kwa mwendo wa 45, ili kipande kirefu kipite haraka na kukalia nafasi ndogo. Kikishaingia ndani ya mashine, walikishusha mwendo kirudi kama kilivyokuwa. Lakini hakikurudi kama kilivyokuwa. Katika kushushwa kule, sauti iliota mikwaruzo, ngoma ikawa nzito na yenye vumbi, besi ikajaa. Vumbi lile ndilo tunaloliita joto.

Na hapa ndugu zangu wa upande wa kwanza nawaomba wanisikilize kwa makini. SP-1200 ni mashine ya dijitali. Sehemu kubwa ya joto mnalolihusisha na analojia ilitokana na dijitali changa, yenye njaa ya kumbukumbu, iliyopigwa na watu waliokataa kushindwa nayo. Santuri iliyonyonywa ilikuwa ya analojia, kanda iliyorekodi wimbo mzima mara nyingi ilikuwa ya analojia, lakini katikati palikuwa na kompyuta ndogo inayokosea hesabu kwa namna nzuri.

Mfano mwingine unakwenda upande wa pili. Ile besi nzito inayoteleza chini ya nyimbo za leo, ambayo kila kijana mwenye laptopu anaiita 808, inatokana na mashine ya Kijapani, Roland TR-808, iliyotengenezwa kuanzia 1980 hadi 1983. Hiyo ilikuwa ya analojia kwelikweli. Ndani yake hapakuwa na ngoma iliyorekodiwa. Kila pigo lilizaliwa papo hapo kutokana na mkondo wa umeme. Wanamuziki wengi waliotaka ngoma za kufanana na ngoma halisi waliikataa, ikauzwa kwa bei ya chini madukani kwa vitu vilivyotumika, na vijana wasio na fedha wakaichukua. Mwaka 1982 Afrika Bambaataa na Soulsonic Force waliitumia kwenye wimbo Planet Rock, na muziki haukurudi nyuma tena. Leo 808 tunayoipiga Dzaleka ni picha ya dijitali ya mashine ya analojia iliyokataliwa na waliotengenezewa.

Tusiende mbali sana na nyumbani, maana tuna ndugu wengi hapa waliotoka Kongo. Mzee Mawangu Mingiedi, aliyefariki mwaka 2015, alikuwa mpiga likembe wa Kinshasa na kiongozi wa kundi la Konono N°1. Likembe ni chombo cha sauti ndogo, na Kinshasa ni mji wa kelele. Mzee akaunda maiki zake mwenyewe kwa sumaku za vipuri vya magari ya zamani, akaziunganisha na vikuza sauti. Likembe ikatoka imepasuka, inanguruma, inakwaruza. Rekodi yao ya Congotronics ilipotoka mwaka 2004, watu wa Ulaya waliokuwa wakitafuta sauti mpya kwa programu za gharama kubwa walipigwa na butwaa. Baadaye Baloji, mchanaji aliyezaliwa Lubumbashi na kukulia Ubelgiji, alirudi Kinshasa kurekodi Kinshasa Succursale, na kwenye wimbo wake Karibu ya Bintou akawaweka Konono N°1 wenyewe. Alichukua mngurumo ule ukiwa hai, wapigaji wakiwa wamesimama mbele yake, akachana juu yake. Ukisikiliza wimbo ule utaona kwamba sauti yake haijakaa mbele ya muziki kama mtu aliyesimama mbele ya picha. Imo ndani ya kelele, inapigania nafasi. Kwangu mimi hiyo ni mojawapo ya rekodi kubwa za hip hop zilizowahi kutoka mikononi mwa mtu wa Kongo.

Basi twende Dzaleka. Wengi mnaijua, lakini kwa anayetusikiliza kutoka mbali: ni kambi ya wakimbizi katika wilaya ya Dowa, kiasi cha kilomita 45 kutoka Lilongwe. Ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza wakati wa utawala wa Kamuzu Banda. Ilipangwa kwa watu wapatao 10,000 hadi 12,000, na leo ina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Kiswahili cha Kivu na cha Katanga kinakutana na Kirundi, Kinyarwanda, Kifaransa na Chichewa kwenye foleni ileile ya maji, na Kiswahili ndicho kinachowafanya wote waelewane. Hapa ndipo Menes La Plume, mshairi na mchanaji kutoka Kongo, alipoanzisha Tamasha la Tumaini mwaka 2014, na tangu hapo wasanii wa Malawi na wageni wa kutoka nje huja kambini kupanda jukwaa moja na wasanii wakimbizi.

Studio ya Dzaleka ni chumba. Kuta za tofali, paa la bati, laptopu iliyopita mikono mingi, kadi ya sauti ndogo ikipatikana, maiki moja, na soksi ya nailoni iliyovutwa kwenye waya ili herufi P na B zisipige kishindo. Programu ni FL Studio, ile iliyoanza Ubelgiji mwaka 1997 ikiitwa FruityLoops, na mara nyingi ni nakala iliyovunjwa kufuli. Simlaumu mtu kwa hilo, kwa sababu bei ya leseni ni chakula cha nyumba kwa miezi.

Sikiliza chumba hicho kinavyoingia kwenye wimbo. Bati na kuta ngumu hurudisha sauti haraka, mwangwi mfupi na mkali kama wa ndani ya pipa. Ili kuukwepa, mchanaji hujifunika blanketi au husimama kati ya magodoro, akisogea karibu sana na maiki. Ukiwa karibu hivyo, maiki za aina nyingi huongeza besi ya sauti yako na huchukua kila pumzi. Ndiyo maana wachanaji wengi wa Dzaleka wanasikika kana kwamba wanakunong'oneza sikioni hata wanapokuwa wakali. Hakuna nafasi kati ya mdomo na sikio. Mtu wa studio kubwa atasema sauti imebanwa. Mimi nasema ni sauti ya mtu asiye na chumba chake peke yake, na inaaminika kwa sababu hiyo.

Msimu wa mvua unapoingia, kazi inapangwa na mawingu. Mvua juu ya bati hakuna programu ya kuifuta.

Halafu kuna umeme. Mwezi Januari 2022 Kimbunga Ana kilibomoa bwawa la mtambo wa Kapichira kwenye Mto Shire, mtambo wa megawati 130 uliokuwa ukitoa karibu theluthi ya umeme wa Malawi. Nchi nzima ilikaa na mgao mrefu mpaka mtambo uliporudi mwaka uliofuata. Kwa prodyuza mwenye betri ya laptopu iliyochoka, mgao maana yake ni kwamba hakuna kurudia mstari mpaka ukamilike. Mchanaji anafika akiwa amehifadhi beti zake kichwani, anachana mara moja, mara mbili ikibidi, na kinachopatikana ndicho kinachobaki. Dijitali inasifiwa kwa uwezo wa kurudia bila mwisho na kukatakata silabi mpaka zinyooke. Hapa uwezo huo upo kwenye skrini, lakini haupo kwenye betri. Kwa hiyo unasikia pumzi zikikatika mahali pake pa kweli, na mwisho wa ubeti mtu akiwa amechoka kama alivyochoka. Wachanaji wa enzi za kanda walirekodi hivyohivyo, kwa sababu kanda ilikuwa ghali. Tumefika mahali pamoja kwa njia tofauti.

Kuna jambo moja la kiufundi ambalo nadhani limechora sauti ya hapa kuliko maiki na umeme, nalo halizungumzwi. Wimbo mwingi hautengenezwi kwa biti iliyopigwa hapa. Biti inapakuliwa kutoka intaneti, faili moja ya MP3, besi na ngoma na kinanda vyote vimekwisha kuchanganywa na kubanwa mpaka mwisho. Prodyuza hawezi kushusha ngoma kidogo ili neno lipite, wala hawezi kuondoa kinanda kwenye mstari wa uchungu. Anachoweza ni kuweka sauti juu na kuipandisha mpaka isikike. Ndipo unapata wimbo ambao sauti na muziki ni wapangaji wawili wasiosalimiana.

Tabia hii si ngeni kwetu sisi watu wa Kiswahili. Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1990 vijana walichana juu ya ala za nyimbo za Marekani, na Saleh Jabir alipata jina kwa kuweka maneno ya Kiswahili juu ya mdundo wa wimbo wa Vanilla Ice. Kilichobadilisha mambo ni studio za nyumbani. Maprodyuza Master Jay na P-Funk Majani walianza kuwapigia wachanaji biti zinazomsubiri mtu, zinazoacha pengo pale Kiswahili kinapohitaji pengo. Sikiliza albamu ya Machozi, Jasho na Damu ya mchanaji Professor Jay, ya mwaka 2001, kazi iliyopita Bongo Records, studio ya P-Funk. Kompyuta ilikuwapo. Kilichokuwa kipya ni kwamba mtu aliyepiga biti na mtu aliyechana walikuwa chumba kimoja, wanasikilizana lugha.

Na lugha ina madai yake kwa mashine. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na karibu kila neno hufungwa kwa irabu. Mchanaji mzuri huitumia irabu ile ya mwisho kusukuma neno linalofuata, au huiacha ining'inie nyuma kidogo ya pigo. Biti ya mtindo wa Atlanta, Marekani, imepangwa kwa maneno yanayokatika kwa konsonanti, fupi, ngumu. Kijana wa Kivu akiipanda biti hiyo hulazimika kukata irabu zake ili aenee, na hapo anaanza kusikika kama mtu wa kwingine. Nimewasikia wachanaji wenye vina vya ajabu wakipotea namna hiyo. Inaniuma, kwa sababu kosa halikuwa la kinywa chao.

Wimbo ukishakamilika unaanza safari, na safari nayo inautengeneza upya. Prodyuza anautoa kama MP3, rafiki anautuma kwa WhatsApp, mwingine anausikiliza kwenye simu na kuurekodi kama ujumbe wa sauti. Unafika mjini kwenye vibanda vya kuchomea nyimbo, vile vinavyojaza memori kadi yako kwa kwacha chache, ambavyo Malawi nzima inavijua. Kila hatua inayoubana tena inatupa kitu, na kinachotupwa kwanza ni sauti za juu. Matoazi yanageuka kuwa kama maji yanayochuruzika. Lakini jambo baya zaidi ni hili: S, SH, CH na Z zinaishi huko huko juu. Kiswahili kimejaa herufi hizo. Zikififia, mistari iliyoandikwa kwa ustadi inasikika kama mtu mwenye kitambaa mdomoni, na msikilizaji anasema jamaa hajui kutamka.

Huku chini nako, spika ya simu haiwezi kutoa besi ya kweli. Ni ndogo mno. Maprodyuza wajanja wanaikwaruza 808 kwa makusudi, ili juu ya besi izaliwe mikwaruzo ambayo spika ndogo inaweza kuitoa, na sikio lenyewe linajaza besi iliyokosekana. Hayo ndiyo aliyoyafanya Mzee Mingiedi kwa sumaku zake, bila kuambiana. Vijana waliofika hapo kwa kusikiliza tu, bila darasa la mtu yeyote, wanastahili kuitwa mafundi.

Lilongwe yenyewe ni hadithi nyingine, nami nitaigusa tu. Kuna studio zenye vifaa bora, katika Area 25, Area 47 na kwingineko, na kuna wasanii waliowahi kufikiria sauti ya mahali kwa kina. Tay Grin, mchanaji wa Malawi, alipojiita mfalme wa Nyau na kuingiza Gule Wamkulu, ngoma ya vinyago ya chama cha Nyau, katika hip hop yake, alifanya jambo la maana: alichukua ngoma za Wachewa, ambazo UNESCO imezitambua kama urithi wa utamaduni usioshikika, akazitia kwenye muziki wa klabu bila kuziomba radhi. Mtu anaweza kubishana kama zimesafishwa kupita kiasi. Lakini ukisikia unajua uko Malawi.

Kwa msanii wa Dzaleka, studio za Lilongwe ziko mbali kuliko kilomita zinavyosema. Mkimbizi anahitaji kibali ili kutoka kambini. Mwezi Machi 2023 serikali iliwaagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi Dzaleka, na miezi iliyofuata polisi waliwakusanya watu na kuwarudisha. Athari za kibinadamu ni kubwa kuliko mazungumzo haya ya muziki, na siwezi kuzipita kana kwamba sizijui: maduka yaliyofungwa, watoto walioondolewa shuleni. Kwa muziki, maana yake ni kwamba sauti ya Dzaleka inapaswa kumalizika Dzaleka. Hakuna mkono wa mjini wa kuja kuisafisha mwishoni.

Basi na iwe hivyo, lakini tuimalize kwa akili zetu. Kambi hii ina utajiri wa sauti ambao prodyuza wa New York mwenye SP-1200 angeuvukia bahari. Tuna wapiga ngoma wa Kirundi, wale ambao ngoma yao iliingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2014. Tuna kwaya za makanisa za lugha tano. Tuna wazee wa Katanga wanaoweza kupiga gitaa kwa vidole viwili kama Jean Bosco Mwenda, ambaye mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, kwa vifaa vya wakati ule vya analojia, na wimbo wake Masanga bado unafundisha wapiga gitaa duniani. Kwa nini biti ya kijana aliyezaliwa Uvira itoke Atlanta wakati mlio wa ngoma kubwa uko nyumba ya tatu?

Simu ya mkononi inatosha kuanza. Weka simu mita mbili kutoka kwenye ngoma, si karibu zaidi, maana itapasuka vibaya. Rekodi pigo moja moja na uache kila moja lifie lenyewe. Ingiza kwenye FL Studio, likate, lishushe mwendo kama wale wa 1987 walivyofanya, usikie litakavyoota vumbi. Na unapopanga mapigo, zima ule usahihi wa mashine unaovuta kila kitu kwenye mstari. Mpiga ngoma wa Kirundi hachelewi wala hawahi. Anajua pigo linakaa wapi, na gridi ya kompyuta haijui. Hata mwangwi wa bati, ule tunaoukimbia kwa blanketi, urekodi siku moja makusudi: piga kofi katikati ya chumba kitupu, uweke kofi hilo mahali pa sneya. Hakuna kifurushi cha sauti kwenye intaneti chenye kofi hilo.

Kwa wanaotuma nyimbo kwenye kipindi hiki, ombi langu ni la kiufundi na ni la dhati. Toeni wimbo kama WAV, hata kama faili ni kubwa, uwekeni kwenye fleshi au memori kadi na mumpe mtu anayekuja upande huu. Mkilazimika kutumia WhatsApp, utumeni kama hati, msiutume kama ujumbe wa sauti. Mtangazaji akipata SH na CH zenu zikiwa nzima, mtambo wa redio utazifikisha. Andikeni pia jina la aliyepiga biti, na kama ndani yake mna ngoma au gitaa la mzee wa jirani, andikeni jina lake pia, naye apate kutajwa hewani.